Wakili wa mabwana wawili: Tippu Tip, Stanley na deni la hesabu



Mkutano wetu wa mwisho uliishia mu kelele, munakumbuka. Mmoja wetu aliuliza ulizo fupi: mtu akikupatia prokirasio juu ya mali yake, wewe uko bwana wa ile mali ao uko mtumishi? Wenye kusoma sheria walijibu haraka, wenye biashara wakawacheka, na saa ikaisha. Mimi sikusema kitu. Nilikuwa na sababu yangu ya kunyamaza, nitaisema kwa mwisho. Lakini nilirudi nyumbani na lile ulizo, nikalitafutia jibu mu historia, tena historia ya hapa petu Kisangani. Juu ni hapa, karibu na maporomoko ya Wagenia, ndipo ilipoanzia kesi moja ya uwakili ambayo ingefaa kila mwanafunzi wa sheria aijue.

Tuanze na sheria, kwa maneno ya nyumbani.

Sheria yetu ya mapatano, ile tunayoita Kitabu cha Tatu cha Kode Sivile, ilitoka kwa dekreti ya tarehe 30 Julai 1888. Ni ya wakati wa Leopold II, na mpaka leo tunaitumia. Ndani yake kuna sehemu juu ya uwakili: mtu mmoja anampa mwingine uwezo wa kufanya jambo kwa ajili yake na kwa jina lake. Yule anayetuma tumwite mwenye mali. Yule anayetumwa tumwite wakili. Sisemi avoka wa tribinali tu. Hata mdogo wako unayemtuma kukusanya pesa ya nyumba, ule ni wakili.

Wakili iko na kazi gani kwa mwenye mali? Ya kwanza, atimize lile alilokubali kwa muda wote alio na uwakili. Akiliacha, analipa hasara. Hata mwenye mali akifa, kama jambo limekwisha kuanza na kuliacha kungeleta hatari, wakili analimaliza. Ya pili, asipite mpaka wa uwezo aliopewa. Ya tatu, anajibu makosa yake: siyo ujanja tu, hata uzembe. Anayefanya kazi bure sheria inamhukumu kwa upole zaidi kuliko anayelipwa, lakini haimwachilie kabisa. Ya nne, akiweka mtu mwingine pahali pake bila ruhusa, matendo ya yule mtu yanarudi kichwani kwake. Ya tano, na hii ndiyo inatushinda wengi, atoe hesabu. Kila alichopokea kwa uwakili wake akirudishe kwa mwenye mali, hata kama kile alichopokea mwenye mali hakukuwa na haki nacho. Na akitumia zile pesa kwa mambo yake mwenyewe, riba inahesabiwa toka siku ile alipozitumia.

Mwenye mali naye iko na deni lake: arudishe gharama ambazo wakili ametoa, na kama waliahidiana mshahara, aulipe. Toka 2012, inchi yetu ilipoingia mu OHADA, wakala wa biashara iko na sheria nyingine juu yake, nayo inakaza neno moja: uaminifu, na kila upande kumjulisha mwenzake mambo yanayomhusu.

Sasa twende Zanzibar, mwezi wa pili wa 1887.

Hamed bin Muhammed el Murjebi, yule tunayemwita Tippu Tip, alikuwa pale. Kasongo ilikuwa boma lake mu Maniema, na pembe za tembo zake zilifika pwani kwa misafara ya mamia ya watu. Watoto wetu wanajua jina lake kwa sababu ya utumwa, na ni haki walijue hivyo. Mababu wa wengi wetu waliuzwa ao waliuawa na watu wake, na mimi siandiki ili nimsafishe. Naandika kwa sababu mtu huyu, kabla ya kuwa chochote kingine, alikuwa wakili wa watu wengi, na mawakili wake mwenyewe walikuwa wengi vilevile.

Bwana wake wa kwanza alikuwa Sultani Barghash wa Zanzibar. Kwa jina la Sultani alipandisha bendera nyekundu mu bara. Lakini Barghash alikuwa amekwisha kuvunjika nguvu. Tarehe 1 Novemba 1886 Uingereza na Ujerumani walipatana wakamwachia ukanda mwembamba tu wa pwani, maili 10 kuingia ndani. Katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili, ambayo Mjerumani Heinrich Brode aliyachapisha mwanzoni mwa karne ya 20, Tippu Tip anasimulia jinsi Sultani alivyomwambia wazi kwamba bara hana nguvu nalo tena: kama Zanzibar yenyewe inamponyoka, bara atalishikaje?

Bandugu, muone hapa. Mwenye mali amemwambia wakili wake: mali haiko yangu tena. Uwakili umekwisha. Wakili amebaki na bunduki, watu, pembe na madeni, lakini jina la kufanyia kazi hana.

Siku zilezile akaingia mtu wa pili. Tarehe 22 Februari 1887 Stanley, Bula Matari mwenyewe, alifika Zanzibar. Yeye naye alikuwa ametumwa, tena na mabwana wawili. Kule London kulikuwa kamati ya William Mackinnon, iliyomtuma kwenda kumwokoa Emin Pasha, gavana wa Ekwatoria aliyekuwa amefungiwa na vita vya Mahdi. Serikali ya Misri nayo iliongeza £10,000. Kule Bruxelles kulikuwa Leopold II, ambaye Stanley alikuwa bado mu utumishi wake. Leopold alikubali kumwachilia, lakini alitaka msafara upite kwa mto Kongo. Njia fupi ya kumfikia Emin ilikuwa upande wa mashariki, kutokea pwani. Stanley akazunguka Afrika nzima kwa meli mpaka Banana, apande mto, kisha akate pori la Ituri. Waliokufa mu lile pori hawakuulizwa njia ilichaguliwa kwa faida ya nani.

Kule Stanley Falls, Leopold alikuwa na haya. Mu Agosti 1886 watu wa Tippu Tip walipigana na afisa Deane, na kituo kikaachwa mikononi mwao. Kukirudisha kwa nguvu hakukuwezekana. Basi tarehe 24 Februari 1887, siku mbili tu kisha Stanley kufika, walitia sahihi. Tippu Tip akawa gavana wa Stanley Falls kwa jina la Leta Huru ya Kongo, kwa mshahara wa £30 kwa mwezi. Apandishe bendera ya buluu yenye nyota, azuie watu wake wasishuke mto kukamata watumwa, apokee afisa wa Leta karibu naye. Biashara yake ya pembe aliachiwa aifanye.

Pamoja na hiyo kulikuwa mapatano mengine, na haya hayakuwa ya Leopold, yalikuwa ya kamati ya London: Tippu Tip atatoa wapagazi 600 wa kubeba baruti mpaka ziwa Albert na kurudi na pembe za Emin. Baruti na fataki za hao wapagazi zilipaswa kutoka upande wa Stanley. Siku ya kesho yake wote wakapanda meli moja, Madura.

Mkono mmoja ulitia sahihi mapatano mawili kwa niaba ya mabwana wawili. Mkono wa pili ulipokea kazi mbili, na chini ya hizo mbili kulikuwa ya tatu: biashara yake mwenyewe. Mwalimu wangu wa sheria alikuwa akituambia kwamba kesi mbaya haianzi siku ya tribinali, inaanza siku ya sahihi. Ndiyo hii.

Ilikuwaje? Mu Juni 1887 Stanley aliacha nyuma kule Yambuya, juu ya mto Aruwimi, sehemu moja ya msafara chini ya Meja Barttelot, ingojee wapagazi wa Tippu Tip. Wakangoja. Mwezi ukaisha, mwingine ukaingia. Barttelot alipanda mpaka Stanley Falls na hata rafiki yake Jameson alifika Kasongo kuomba. Mu kambi watu walikufa kwa njaa na muhogo mbaya. Mwaka mzima ulipita. Mu Juni 1888 wapagazi wakafika, kama 400 hivi badala ya 600, chini ya msimamizi mmoja aitwaye Muni Somai, na mizigo ikabidi ipunguzwe. Tarehe 19 Julai 1888, kule Banalya, Barttelot alipigwa risasi akafa. Muni Somai akakimbia. Jameson akafa kwa homa mu Agosti. Stanley aliporudi nyuma kutafuta watu wake, alikuta makaburi.

Angalieni tarehe: Barttelot aliuawa 19 Julai 1888. Dekreti yetu ya mapatano ilitiwa sahihi 30 Julai 1888. Siku 11 kati yao. Wakati Leopold anaandika mu karatasi kazi za wakili, wakili wake mwenyewe wa Stanley Falls alikuwa tayari ulizo kubwa.

Stanley alirudi Zanzibar mu Desemba 1889 na hasira. Pale akamkuta Jaffar Tharia, mtoto wa Tharia Topan, tajiri Mhindi aliyekuwa mkopeshaji mkubwa wa misafara. Jaffar alikuwa wakili wa Tippu Tip kule pwani. Na Stanley mwenyewe ameandika kwamba Jaffar alimwambia: nina mkononi zaidi ya £10,000 za Tippu Tip, Leta ya Kongo imezilipa kwa kununua pembe. Stanley hakulala. Kwa kuwa Jaffar alikuwa raia wa Kiingereza, alipeleka kesi mu tribinali ya konseli wa Uingereza, akaomba £10,000 ya kulipa hasara ya kamati, na zile pesa zikazuiliwa.

Hapa kila mara nasimama. Tunazungumza juu ya Tippu Tip kama wakili mubaya, lakini huyu Jaffar? Mwenye mali wake iko mbali, mwendo wa miezi. Yeye ameshika pesa yake. Anakuja adui wa mwenye mali, na wakili anafungua kinywa anataja hata kiasi. Hakuiba hata senti. Pengine alisema kwa kujivuna tu, ao kwa kuogopa. Lakini siri ya mwenye mali ni mali yake pia. Kwa neno moja alimfunga bwana wake kwa kamba ya dhahabu yake mwenyewe.

Tippu Tip aliacha Stanley Falls mu 1890 ili aende kujibu. Pahali pake akamwacha Rashid, mtoto wa ndugu yake. Kule Kasongo alikuwa mtoto wake Sefu. Alifika Zanzibar mu Julai 1891. Ile kesi haikuishia kwa hukumu ya kumlipisha. Lakini Kongo hakuiona tena. Tarehe 21 Septemba 1891 Leopold alitoa dekreti ya siri ya kujitwalia pembe na mpira. Yule aliyeachiwa biashara yake kwa mapatano sasa aliambiwa biashara ile ni ya Leta. Mu 1892 vita vikaanza. Mu 1893 Nyangwe na Kasongo zikaanguka mikononi mwa Dhanis, Sefu akafa, Rashid akafukuzwa. Mzee alibaki Zanzibar mpaka kifo chake mu 1905.

Sasa tumhukumu kwa maulizo ya wakili, siyo kwa hasira.

Je, alitimiza alichokubali? Wapagazi 400 siyo 600, na mwaka mmoja kisha wakati wake. Kwa hesabu hiyo amekosa. Lakini yeye alijitetea kwamba baruti aliyoahidiwa haikuja, na watu wake walikataa kuingia pori la watu wabaya bila baruti. Sheria inajua neno hilo: wewe hukutimiza lako, usinidai langu. Stanley alisema mengine. Kati yao wawili mwenye haki kamili sioni.

Je, alikuwa mwaminifu? Hapa ndipo kiini. Lakini mwaminifu kwa nani? Kila mpagazi aliyempeleka Yambuya alikuwa mpagazi aliyepungua mu biashara yake ya pembe. Kuzuia watu wake wasikamate watumwa, kama alivyoahidi Leopold, ilikuwa kukata mkono uliokuwa ukimlisha yeye na jamaa zake. Mapatano yenyewe yalimweka afaidike kwa kuyavunja. Sheria haimkatazi mtu kuwa na mabwana wawili. Inamtaka awaambie wote wawili, na kama faida zao zinagongana, achague. Tippu Tip hakuchagua. Lakini Stanley alichagua? Alifika kwa Emin na ombi la Leopold mu mfuko mmoja, ombi la Mackinnon mu mfuko mwingine, akimwomba aingie utumishi wa huyu ao wa yule, naye Emin alikuwa bado mtumishi wa Misri! Aliyeshitaki uwakili mubaya alikuwa amevaa kofia mbili zaidi ya aliyeshitakiwa.

Na Leopold, mwenye mali mkubwa? Yeye ndiye aliyetunga sheria ya uwakili, na yeye ndiye aliyewatuma ajenti wake mu Kongo kwa mpango wa zawadi: kadiri unavyonunua pembe na mpira kwa bei ndogo, ndivyo unavyopata zaidi. Wakili anafuata njia anayolipwa kuifuata. Ukimlipa kwa kupunja, atapunja, na waliopunjwa walikuwa wazee wetu, ambao hawakutia sahihi popote. Mwenye mali hawezi kunawa mikono akisema "ni ajenti wangu ndiye alifanya."

Basi, nirudie ulizo letu: wakili iko bwana ao mtumishi? Historia hii inanijibu kwamba ni mtumishi mwenye funguo. Kwa kuwa ana funguo, kila mtu anamwona bwana, na siku moja yeye mwenyewe anaanza kujiona hivyo.

Sasa ile sababu yangu ya kunyamaza.

Baba yetu alipofariki alituachia parseli moja hapa Kisangani, yenye nyumba mbili za kupangisha. Yaya iko Kindu, dada yetu mdogo iko Uvira. Wote wawili walinitilia sahihi prokirasio: mimi nikusanye pesa ya wapangaji, nitengeneze nyumba, nigawe. Mwaka wa kwanza niliandika kila kitu mu kaye. Mwaka wa pili mtoto wangu aligonjwa, nikachukua ya miezi mitatu, nikajiambia nitairudisha. Kisha nikabadilisha mabati, kweli nilibadilisha, lakini resu sikuchunga. Mwaka wa tatu kaye yenyewe niliiacha mu sanduku.

Dada akanipigia simu:

"Yaya, sikuulize vibaya. Nyumba ya baba inaingiza ngapi?"

Nikakasirika. Nikamwambia: "Sasa unaniona mimi mwizi? Ni nani anachunga hii parseli? Weye uko Uvira, unajua mvua inaingiaka wapi?"

Akanyamaza kidogo, akasema tu: "Haya, yaya. Basi." Toka siku ile hakuuliza tena. Na yaya wa Kindu, ambaye ni mwalimu na hana makuu, hakuuliza hata mara moja.

Bandugu, mimi niliibiwa na nani? Na hakuna. Ni mimi nilikuwa na pesa ya watu. Nilidhani kwa kuwa nafanya kazi bure, kuulizwa ni matusi. Sheria inasema kinyume: bure inapunguza ukali wa hukumu, haifute hesabu. Dada alikuwa na haki ya kuuliza, na mimi nilikuwa na deni la kujibu kabla hajauliza. Niliposoma juu ya Tippu Tip akijitetea kwamba baruti haikuja, nilijisikia mwenyewe nikisema "mvua inaingiaka wapi." Hata kama ilikuwa kweli, haikuwa jibu la ulizo.

Juma lililopita nilitoa ile kaye mu sanduku. Nimekaa siku tatu na wapangaji, nikiandika upya mwezi kwa mwezi. Pale ambapo sina resu nimeandika "hakuna resu." Ile miezi mitatu nimeiandika kwa jina langu: deni. Nimepiga picha kurasa zote na kuzituma Kindu na Uvira, pamoja na ombi kwamba, kama wanataka, prokirasio iende kwa mtu mwingine. Yaya amejibu kwa salamu tu. Dada bado.

Kwa hiyo kila mmoja wetu hapa ambaye ameshika pesa ya jamaa, ya kanisa, ya likelemba ao ya chama hiki chetu, namwomba jambo moja: afungue kaye yake leo, mbele ya mtu kumpigia simu. Na wewe uliyetuma, usione haya kuuliza. Kuuliza hesabu siyo kumwita ndugu mwizi, ni kumsaidia asifike huko.

Ni hayo. Wenye kujua sheria kunipita wanisahihishe hapa chini. Mubakie na amani.